Kwa mwenye mizabibu hakuendwi kama baa

Nilikuwa kimya kwa sababu ya mitihani, na sasa kichwa kimepoa nimeanza kupanga safari. Safari yenyewe si ya mbali. Natoka hapa Strasbourg ninaposoma, nakwenda kijiji kimoja cha Alsace kiitwacho Dambach-la-Ville, kutembelea familia moja inayolima mizabibu na kutengeneza mvinyo wake yenyewe. Siku moja tu, kwenda na kurudi. Lakini siku hiyo moja imetugombanisha watu watano kwa wiki nzima, ndiyo maana nimeona niliandike hapa.

Wenzangu walikuja na mpango wao tayari. Tukodi gari asubuhi, tufuate Njia ya Mvinyo ya Alsace, tupite nyumba sita, tupige picha, jioni turudi. Njia hiyo ni maarufu kweli. Ilizinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kilomita kama 170, kutoka Marlenheim upande wa kaskazini hadi Thann upande wa kusini, chini ya milima ya Vosges. Nikawaambia mimi simo. Nyumba sita kwa siku moja si ziara, ni kuzunguka baa. Wakaniona najidai. Naomba nijieleze.

Mwaka jana mwezi wa Septemba niliwahi kufanya kosa hilo hilo. Tulikuwa watatu, tukateremka kwenye kijiji kingine, tukaona kibao cha kuuza mvinyo, tukagonga mlango bila kupiga simu. Akatoka mama mmoja amevaa gambuti, mikono imegeuka rangi ya zambarau hadi kwenye viwiko. Ilikuwa katikati ya mavuno. Hakutufukuza. Alinawa, akatuingiza ndani, akatumiminia glasi tatu, akaanza kutueleza. Nje trekta lilikuwa limesimama na tela limejaa zabibu. Kijana wake akachungulia mlangoni mara ya kwanza. Akachungulia mara ya pili. Zabibu zikishakatwa hazisubiri mgeni: jua likizipiga na maji yakianza kutoka, zinaanza kuchacha zenyewe. Sisi tulikunywa, tukasema asante, tukanunua chupa moja ya bei ya chini kuliko zote. Nilipofika kituoni ndipo aibu iliponishika. Yule mama alipoteza nusu saa ya siku aliyoihangaikia mwaka mzima, kwa ajili ya watu watatu waliokuja kushangaa.

Kwa hiyo safari hii nimejiwekea masharti, na yeyote anayetaka kuongozana nami ayakubali.

Kwanza, tutapiga simu kabla. Nyumba kubwa zenye majina, kama zile za Bordeaux zilizopangwa madaraja tangu mwaka 1855, zina wafanyakazi wa kupokea wageni na tiketi za kuingilia. Familia ndogo haina mtu huyo. Anayekumiminia ndiye aliyepogoa mizabibu wakati wa baridi, ndiye anayejaza fomu za kodi usiku. Ukitokea ghafla umemtoa shambani. Na simu yenyewe isipigwe kati ya saa sita na saa nane mchana, watu wanakula. Jumapili wengi wamefunga. Halafu kumbuka kwamba Alsace ina sikukuu mbili ambazo sehemu kubwa ya Ufaransa haina, yaani Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba.

Pili, hatutakwenda wakati wa mavuno. Zamani mavuno yalitegemewa mwishoni mwa Septemba na Oktoba, lakini kwa joto la miaka hii kuna miaka ambayo yanaanza Agosti. Tutakwenda Juni, mizabibu ikiwa imetoa maua au inaanza kufunga matunda. Mtu ana kazi bado, ila ana pumzi.

Tatu, tutanunua. Nyumba nyingi za Alsace haziwatozi watu wachache waliokuja kuonja. Bure hiyo ndiyo mtego wake. Sheria hailazimishi chochote, lakini utu unalazimisha. Mwanafunzi ana hela kidogo, najua, lakini kwa euro kumi hivi unapata chupa nzuri ya Riesling au Sylvaner kwa mkulima mwenyewe. Watu watano, chupa tano au sita. Kama huwezi, bora ubaki nyumbani usubiri mwezi mwingine.

Nne, na hapa ndipo tulipokorofishana zaidi, hakuna gari. Sheria ya Ufaransa inamkataza dereva kufikisha gramu 0.5 za kilevi kwa lita moja ya damu, na kwa mwenye leseni changa ni 0.2, ambayo ni sawa na kusema usinywe kabisa. Wenzangu walikuwa na jibu tayari. Yupo mwenzetu wa Zanzibar, Mwislamu, hanywi. "Yeye ataendesha!" Wakacheka. Yeye naye akacheka, lakini mimi nilimwangalia usoni. Baadaye nikamuuliza kama kweli anataka. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nataka kuja kuuliza maswali kama nyie. Sitaki kuja kama funguo."

Kwani nani kasema ziara ya shamba la mizabibu ni ya walevi peke yao? Dambach-la-Ville ni kijiji chenye ukuta wa zamani na malango matatu. Juu yake kuna mteremko wa mawe ya itale uitwao Frankstein, mmoja kati ya maeneo 51 ya Alsace yenye hadhi ya Grand Cru. Hiyo ni ardhi ambayo watu waliokuwa wakiilima waligeuzwa kuwa Wajerumani mwaka 1871, wakarudi Wafaransa baada ya vita ya kwanza, wakachukuliwa tena mwaka 1940, wakarudi tena vita ya pili ilipokwisha. Huhitaji glasi kulisikia hilo. Isitoshe, hata wanaoonja kwa kazi hawamezi. Kuna ndoo ya kutemea, na kutema si dharau, ndiyo adabu ya mahali pale. Familia nyingine hukamua pia juisi ya zabibu isiyo na kilevi. Na treni inafika kijijini. Kila mtu atakwenda na kurudi kwa miguu yake na tiketi yake, hakuna atakayekuwa dereva wa mwenzake.

Sasa utauliza, utamjuaje mkulima mdogo wa kweli? Soma chupa. Wapo wanaonunua zabibu au mvinyo wa wengine na kubandika nembo yenye picha ya shamba zuri. Hilo si kosa, ni biashara. Lakini ukitaka anayelima, anayekamua na anayejaza chupa mwenyewe, tafuta maneno ya Kifaransa yanayosema umejazwa nyumbani kwa mwenye shamba, au ile alama ya Vigneron Indépendant, yenye mchoro wa mtu aliyebeba pipa.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye sababu yangu hasa, ambayo sijawaambia hata wenzangu.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Baba yangu mdogo ana ekari mbili za zabibu. Kwetu, kwa jinsi ukame na jua vilivyo, mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nikiwaambia watu wa huku wananikodolea macho. Lakini baba mdogo huuza zabibu mbichi. Anayenunua ndiye anayepanga bei, na zabibu ikishaiva huna ubavu wa kubishana, maana kesho inaoza. Miaka yote hiyo hajawahi kuona chupa yenye jina lake. Mara nyingine sidhani hata kama amewahi kuonja mvinyo uliotoka kwenye zabibu zake.

Huku naona familia yenye shamba dogo inabandika jina la babu yao kwenye chupa. Wamewezaje? Najua sehemu ya jibu. Wana sheria inayolinda jina: mvinyo wa Alsace umetambuliwa rasmi tangu mwaka 1962, na tangu mwaka 1972 lazima ujazwe kwenye chupa huko huko Alsace. Wana ushirika pia. Ule wa Ribeauvillé ulianza mwaka 1895, na hadi leo wapo wakulima wengi wanaopeleka zabibu zao kwenye ushirika badala ya kukamua wenyewe. Kwa hiyo si kila mkulima wa Ufaransa ana chupa yake, tusijidanganye. Lakini yule mwenye chupa nataka nimuulize ana kwa ana: ulianza na mapipa mangapi? Mwaka wa kwanza ulikula nini ukisubiri mvinyo ukomae? Zabibu kiasi gani bado unaziuza mbichi?

Maswali kama hayo huwezi kumuuliza mtu ukiwa na nyumba nyingine tano za kukimbilia. Unayauliza ukiwa umekaa, umeomba miadi, mwenyeji hana trekta linalomsubiri.

Jana nilipiga simu. Nilikuwa nimeandika Kifaransa changu kwenye karatasi, na bado nikababaika. Mzee aliyepokea akaniuliza tuko wangapi na tunataka kuja kufanya nini. Nikamwambia tuko watano, mmoja wetu hanywi, na mimi ninatoka kwenye ukoo wa wakulima wa zabibu wa Tanzania. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema Jumamosi ya pili ya Juni, saa nne asubuhi, na akaongeza kwamba tuvae viatu vya kutembelea shambani.

Wenzangu wawili bado wamenuna kuhusu gari. Tiketi zao nimeshakata.