Dili ya Bima: Jina Kwenye Fomu ni Lako

Kuna msemo umezoeleka huku mjini na mimi umenichosha: "Pesa ya bima haina mwenyewe." Utausikia gereji, utausikia kwa matatu, utausikia hata kwa jamaa wa suti anayeuza bima yenyewe. Haina mwenyewe, kwa hivyo kula. Gari imegongwa taa moja? Andika taa mbili, bampa na boneti. Mkopo umekulemea? Gari "iibiwe". Ulikuwa peke yako ndani? Ongeza abiria watatu wenye maumivu ya shingo. Na sisi vijana ndio tunauziwa hii stori kwa bidii zaidi, kwa sababu ndio tuko na gari ya kwanza, ya mkopo, na tarehe tano ya kila mwezi inatukuta hatuna kitu.

Sitakuhubiria kuhusu dhambi, pasta wako yupo na anaifanya hiyo kazi vizuri. Mimi nataka tupige hesabu tu. Hii dili inauzwa kama ujanja, lakini ukiangalia vizuri walioketi mezani, anayeliwa ni mmoja, na si kampuni ya bima.

Chukua ile kubwa, ya gari "kuibiwa". Tuseme ulinunua gari kwa mkopo wa benki, ukaandikisha bima kubwa, ile inayolipia hata gari yako mwenyewe, kwa thamani ya milioni 1.2. Miaka miwili imepita. Benki bado inakudai 900,000 na kazi imeisha. Anatokea broka, mtu mpole sana, anakuita "mkubwa" ingawa amekuzidi miaka kumi. Anakwambia gari itaenda Namanga usiku, au itachinjwa vipande kabla ya asubuhi. Wewe kazi yako ni kwenda stesheni, uandikishe OB, upate abstrakti, ujaze fomu, ungoje milioni yako na laki mbili juu.

Sasa sikia vitu huyo mpole hakukwambia. Kwanza, bima hailipi ile namba uliyoandika. Inalipa thamani ya gari siku ilipopotea, na gari haikai miaka miwili kwa barabara za Nairobi ikabaki na bei ileile. Tuseme imeshuka hadi 950,000. Pili, kuna eksesi, kile kipande cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe, na kwa wizi huwa kikubwa kuliko kwa ajali, hasa kama hukuwa na traka. Weka asilimia 10 tu, hiyo ni 95,000 imeenda. Zimebaki 855,000. Tatu, na hapa ndipo watu huanza kutoa jasho, logibuku iko na jina la benki pamoja na lako. Benki ndiyo hulipwa kwanza. Benki inadai 900,000.

Kwa hivyo dili imefaulu, hakuna aliyekamatwa, kila kitu kimeenda sawa kabisa, na wewe huna gari na bado unadaiwa 45,000. Na broka anapiga simu akitaka kumi pasenti yake. Kumi pasenti ya nini, mtu wangu? Ya hewa? Yeye hajali, kwa sababu alishauza vipande.

Hiyo ndiyo siku nzuri. Siku mbaya inaanza na swali dogo: "Funguo zote mbili ziko wapi?" Kampuni inataka zote mbili. Kama moja ilienda na gari, unaanza kubabaika. Halafu mchunguzi anauliza ulikuwa umeegesha wapi, saa ngapi, nani alikuona. Unasema ulikuwa Westlands. Simu yako inasema ulikuwa Rongai. Kamera ya petroli stesheni inaonyesha gari yako ikiendeshwa polepole na mtu anayejua kabisa swichi ya taa iko wapi. Tena sisi ni watu wa kuposti kila kitu. Umeripoti wizi Ijumaa usiku na Jumamosi uko kwa stori za kila mtu ukicheka pale Naivasha. Mtu ameibiwa gari ya milioni hachomi nyama siku inayofuata akiwa na sura hiyo.

Wakikataa kulipa, hesabu ni fupi. Gari haipo, na huwezi kuirudisha kwa sababu injini iko duka moja na milango iko lingine. Mkopo upo wote. Na unajua kukopa kwa mtu ni rahisi kuliko kumwambia mamako, aliyesimama kama mdhamini wako, kwa nini dalali anapima sofa yake.

Kuna ulaghai mwingine ambao sisi hata hatuuiti ulaghai. Unakata bima ya gari ya kibinafsi, ya kwenda kazini na kanisani, halafu jioni unawasha apu na kubeba wateja wa Uber na Bolt. Unajua bima ya gari ya biashara ni ghali zaidi, ndiyo maana ulinyamaza wakati fomu ilikuuliza gari inatumika kwa nini. "Si nabeba watu kidogo tu?" Sawa. Siku ukigonga ukiwa na mteja, kampuni itauliza mteja alikuwa nani. Mteja ameumia, hana sababu ya kukudanganyia. Na safari iko kwa apu, na saa, na nauli.

Hapo gari yako hailipiwi. Lakini gari ni kitu kidogo, wacha tuongee kuhusu yule mteja. Sheria yetu ya bima ya magari, ile Sura ya 405, inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya kulipa watu wengine inaowaumiza. Sheria hiyohiyo inampa mwenye kampuni nafasi ya kwenda kortini, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza, kuomba itangazwe kwamba bima haimfungi kwa sababu alifichwa jambo muhimu. Korti ikikubali, aliyeumia anabaki na wewe. Mguu wake, hospitali yake, miezi yake ya kukaa nyumbani, yote yanakuja kwa jina lako. Kijana wa miaka 24 anaanza maisha akilipa mguu wa mtu kwa sababu alitaka kuokoa elfu kadhaa za bima. Na yule mwenye mguu atalipwa lini, na kijana mwenyewe hana kitu? Watu wawili wameharibikiwa na kampuni imefunga faili ikaenda lanchi.

Sasa tuje kwa majeruhi hewa. Matatu imegongana na pikapu, ilikuwa na watu sita, kortini wanafika kumi na tisa. Kila mmoja na P3, kila mmoja na barua ya daktari, kila mmoja na wakili yuleyule. Aliyekuita ukawe abiria wa gari hukuwahi kupanda atakupa "kitu ya macho". Wewe sasa umeweka kitambulisho chako na sahihi yako kwa karatasi za uongo mbele ya hakimu. Kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha sheria ya makosa ya jinai, ni hadi miaka 3 ndani. Kughushi hati nako kuna miaka yake. Na Mamlaka ya Kudhibiti Bima iko na kitengo cha kuchunguza ulaghai chenye maafisa wa polisi wa upelelezi, si watu wa kuandika barua tu.

Hata kama jela utaikwepa kwa faini, jaribu kupata kazi. Karibu kila mahali wanataka cheti cha tabia njema kutoka DCI. Unataka kwenda Qatar au Dubai? Utaulizwa hichohicho. Alama zako za vidole hazijui ulikuwa unasaidia rafiki.

Najua jibu mlilonalo, kwa sababu nimelisikia mara mia na lina ukweli ndani yake: kampuni za bima nazo ni wezi. Unalipa miaka mitano hujawahi kudai hata kioo, siku ukidai wanakuzungusha kama mtoto wa shule anayetafuta saini ya mwalimu mkuu. Leta hii, leta ile, asesa hajafika, faili liko kwa meneja. Sipingi. Wengine wao wanatesa watu na sitawatetea hata dakika moja. Sheria inasema dai likikubaliwa lilipwe ndani ya siku 90, na kuna watu wamesherehekea bathdei mbili wakingoja. Hao washtaki kwa Mamlaka, waweke kwa mitandao, wapeleke kortini. Nitakusaidia kupiga kelele.

Lakini angalia nani amempa huyo meneja kisingizio. Kila dai la uongo linamfundisha asesa kumwona kila mtu kuwa mwongo. Mama wa Kayole ambaye Probox yake imechukuliwa kweli, na mtoto wake alikuwa anaitumia kupeleka mboga sokoni, anakaa kwa kiti kilekile ulichokalia ukidanganya, na anaulizwa maswali yaleyale kwa sauti ileile. Yeye hana broka wa kumfundisha majibu. Atababaika kwa sababu ameumia, na kubabaika kwake kutaandikwa kuwa dalili.

Tena bima ni chama tu, sijui kwa nini hatulioni hilo na sisi ni taifa la vyama. Watu elfu wanachanga, kumi wanapata ajali, hao kumi wanalipwa kutoka kwa mfuko. Mmoja akianza kuleta mazishi ya nyanya ambaye alishazikwa mara tatu, mweka hazina hatoi za mfukoni mwake. Anapandisha mchango. Kwa bima mchango unapanda kimyakimya: asilimia inaongezwa, eksesi inaongezwa, gari ikizeeka kidogo unaambiwa bima kubwa haipatikani, chukua ile ndogo. Kuna aina za gari ambazo ukizitaja tu mtu wa bima anaanza kukuna kichwa. Hizo ndizo gari zetu. Prado haiulizwi maswali mengi hivyo.

Mnakumbuka Juni 2024? Kati ya vitu vilivyotuwasha kwa ule Mswada wa Fedha ni ushuru wa magari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kuanzia 5,000 hadi 100,000, ukusanywe na kampuni za bima siku unakata bima. Tulipiga kelele hadi wakauondoa, na mswada wenyewe ukafuata. Vizuri sana. Sasa sisi haohao tunakaa gereji tukijitoza wenyewe kwa awamu, na huu hauna mbunge wa kumtumia meseji usiku.

Na kampuni zikifa, msidhani mwenye kampuni ndiye hulala njaa. United ilizimika 2005, Blue Shield ikafuata 2011, zote zilikuwa zimebeba matatu nyingi. Si madai ya uongo peke yake yaliyoziua. Kulikuwa na usimamizi mbovu na vita vya kuuza bima kwa bei ya kutupa, na mtu asikudanganye kwamba ni matapeli wa barabarani tu. Lakini watu waliogongwa kweli walibaki na hukumu za korti mkononi, karatasi nzuri yenye muhuri, na hakuna wa kulipa. Wengine walingoja miaka na miaka. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba pesa ya bima haina mwenyewe, jiandae kukimbia kama bado ana mguu wa kukufukuza.

Kwa hivyo wakati mwingine huyo mpole akikuita mkubwa, usibishane naye. Fungua ile fomu ya madai, ukurasa wa mwisho, pale chini pameandikwa kwamba aliyetia sahihi anathibitisha yote aliyosema ni kweli. Mpe kalamu. Mwambie aandike jina lake, nambari ya kitambulisho chake, nambari yake ya simu, halafu wewe ndio utachukua kumi pasenti. Uone kama hatakumbuka ghafla kwamba ameegesha vibaya.