Kipaji Si Sera: Funzo la Thomas Odoyo

Tangu Aprili 2025, vijana wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka 19 walipofuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la kriketi la rika lao, nimekuwa nikiisikia kauli moja ikirudiwa hapa Mazimbu: "Kumbe vipaji tunavyo!" Sina ugomvi na furaha hiyo, vijana wale waliistahili. Hata hivyo kauli yenyewe inanitia wasiwasi, kwa sababu majirani zetu wa Kenya waliitamka kabla yetu, tena wakiwa na ushahidi mzito kuliko wetu. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilikuwa mkono wa kulia wa mtu mmoja, Thomas Odoyo.

Nilipolitaja jina hilo darasani, hakuna aliyelijua. Siwalaumu wanafunzi wangu. Kutojulikana kwake ni sehemu ya hoja ninayotaka kuijenga.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, mrushaji wa kasi hukimbia hatua nyingi, kisha huurusha mpira mgumu wa ngozi kwa mkono ulionyooka kuelekea kwa mpigaji aliye umbali wa mita 20 hivi. Hufanya hivyo mara sita katika kila ova, ova baada ya ova, juani. Kila mguu wa mbele unapotua, goti, kifundo na mgongo hupokea mshindo unaozidi mara kadhaa uzito wa mwili. Ndiyo maana warushaji wa kasi huumia mara nyingi kuliko wenzao, na miaka yao ya ubora ni michache. Mwili wa mrushaji ni rasilimali inayokwisha, na nchi inayoutumia inapaswa kujua kuwa inatumia akiba.

Odoyo aliingia katika Kombe la Dunia la 1996 akiwa na umri wa miaka 17. Tarehe 29 Februari mwaka huo, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Ulimwengu wa kriketi ulishangaa. Mwaka 1998 Kenya iliifunga India nyumbani kwake, mjini Gwalior. Odoyo alikua pamoja na timu hiyo. Akawa mchezaji wa kwanza kutoka nje ya mataifa yenye hadhi ya Testi, yaani yale yanayocheza mechi za siku tano, kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Alicheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996 hadi 2011. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtangaza mchezaji bora wa mwaka wa nchi wanachama washiriki.

Kilele kilikuwa mwaka 2003, mashindano yalipofanyika Afrika Kusini, huku baadhi ya mechi zikichezwa Kenya na Zimbabwe. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama na ikapoteza pointi. Mkosoaji anaweza kuiita hiyo bahati. Lakini hakuna bahati katika kuifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 pale Nairobi, wala katika kuzifunga Bangladesh na Zimbabwe. Wenyeji Afrika Kusini waliaga katika hatua ya makundi, uwanjani Kingsmead, Durban. Baadaye, katika uwanja huohuo, Kenya ilicheza nusu fainali dhidi ya India.

Hapo ndipo nchi ilipopaswa kujiuliza: baada ya hawa, nani? Swali hilo halikupata jibu. Kati ya mashindano yale na mwanzo wa 2006, mechi za kimataifa za siku moja za Kenya zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2004 wachezaji waligoma kudai malipo yao, na mwaka huohuo Maurice Odumbe, mmoja wa nyota wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na wacheza kamari. Mwaka 2005 chama cha kriketi kilivunjwa na kingine kikaundwa. Baada ya migogoro hiyo Odoyo aliendelea kukimbia na kurusha. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Februari 2018, Kenya ilipomaliza mkiani katika Ligi ya Dunia daraja la pili nchini Namibia, nahodha, rais wa chama na kocha walijiuzulu. Kocha huyo alikuwa Odoyo. Mtu aliyeibeba nyumba ujanani kwa mgongo wake aliitwa tena kuibeba ilipokuwa ikianguka, na hakuweza. Nani angeweza?

Nitajibiwa kwamba wakubwa wa kriketi duniani waliionea Kenya. Ni kweli kwa kiasi chake. Bangladesh ilipewa hadhi ya Testi mwaka 2000; Kenya, iliyokuwa ikiitamani, haikuipata, na Odoyo hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mechi ya Testi. Lakini dhuluma ya nje haielezi mishahara isiyolipwa wala vyama visivyoaminika. Ireland na Afghanistan nazo zilisubiri mlangoni. Mwaka 2017 zilipofunguliwa, Kenya haikuwa tena kwenye foleni.

Hapa Mazimbu tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliitoa ardhi hii, iliyokuwa shamba la mkonge, kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Wakajenga shule, nayo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Makaburi ya wenzao waliofia hapa bado tunayo. Mwaka huohuo wa 1977 alizaliwa Makhaya Ntini, aliyechunga mifugo utotoni katika kijiji cha Mdingi, Cape ya Mashariki. Odoyo alizaliwa mwaka uliofuata, Nairobi, katika nchi iliyokuwa huru kwa zaidi ya miaka 14.

Ntini aliokotwa na programu ya kukuza kriketi ya jimbo la Border, akapelekwa katika shule yenye viwanja na makocha. Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini katika Testi, na alistaafu akiwa na wiketi 390 katika mechi 101. Sidai kwamba mmoja alikuwa na kipaji zaidi ya mwenzake. Ninachodai ni kwamba mmoja alipata utaratibu uliomtafuta, ukamlisha, ukamfundisha na kumpa mechi kila mwaka.

Wala utaratibu huo usitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2020 Ntini alieleza hadharani upweke wake katika timu ya taifa: wenzake hawakukaa naye mezani, naye akawa anakimbia kwa miguu kutoka hotelini hadi uwanjani ili asipande basi pamoja nao. Shule iliyojengwa hapa Mazimbu ilipigania zaidi ya mlango kufunguliwa. Ilipigania heshima ya anayeingia. Taasisi inahitaji vyote viwili.

Turudi kwa vijana wetu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi ni hodari wa kuvisha pete: picha na viongozi, hotuba, ahadi. Maswali yangu kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni ya kawaida kabisa. Kati ya umri wa miaka 19 na 23, vijana hawa watacheza mechi ngapi za ushindani kila mwaka? Nani atalipia matibabu ya goti la mrushaji? Mkataba wake utaandikwa lini, na hesabu za chama zitakaguliwa na nani? Je, mtoto wa Matombo au Mgeta, kule milimani Uluguru, atauona mpira wa kriketi kabla hajamaliza shule ya msingi?

Wanafunzi nao wasidhani ninazungumzia michezo peke yake. Kila mwaka chuo hiki hutoa vijana wenye akili kali, nasi tunasema vipaji tunavyo, kisha tunawaacha watafute njia wenyewe. Kipaji huzaliwa bila kuombwa, katika kila kijiji na kila kizazi. Sera haizaliwi, inaandikwa, inatengewa fedha na kusimamiwa na watu wenye majina na vyeo. Odoyo alitimiza wajibu wake kwa miaka 15 ya Kombe la Dunia. Waliopaswa kuandaa atakayeupokea mpira kutoka mkononi mwake ndio wanaodaiwa, na sisi tumeingia katika orodha hiyo tangu Aprili ile.