Kabla Hujanunua Programu ya Kuhifadhi Meza, Hesabu Foleni Yako

Haya basi, leo tuache kidogo mambo ya seva na lugha za programu, tuje mezani. Ndiyo, mezani kwenyewe, penye biriani.

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, "Wewe si mtu wa tarakilishi? Hebu niambie, ni programu gani nzuri ya kuhifadhi meza mkahawani?" Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Siku hizi sina, na sababu ni aibu niliyoipata Mombasa katika Ramadhani ya mwaka 2024. Nitawasimulia, kisha niwaambie msimamo wangu.

Mwenye mkahawa ni mzee ninayemwita Ami, kwa heshima ya umri wala si kwa damu. Ana meza 24. Jumapili mchana foleni hufika barabarani, na jioni za Ramadhani ndiyo usiseme. Kwa miaka mingi foleni hiyo ilikuwa mikononi mwa dada mmoja wa mapokezi, mwenye daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ami akaniambia, "Kijana, dunia imekwenda mbele nasi tumebaki na daftari. Nitafutie programu."

Nikamtafutia. Nikachagua ile iliyokuwa na sura nzuri kuliko zote: ramani ya meza yenye rangi, ujumbe unaojituma wenyewe, takwimu za kila aina. Ilitengenezwa ng'ambo, na mle ndani ilikuwa na imani moja ambayo sikuishuku hata kidogo: kwamba kundi la watu wanne hukaa mezani dakika 90.

Sasa fikiria futari. Watu wote wa mji hufungulia dakika ile ile, adhana ya magharibi. Hakuna wa saa kumi na mbili na wa saa moja. Wanakula tende, wanakunywa maji na uji, kisha nusu ya meza inaondoka kwenda kuswali na kuwaacha akina mama na watoto. Wanarudi, ndipo chakula chenyewe kinaanza. Programu haikujua lolote kati ya hayo. Ilipoona dakika 90 zimetimia, ikahesabu meza kuwa tupu na kuwatumia ujumbe watu wa awamu ya pili: meza yako iko tayari, karibu.

Wakaja. Kwa siku ya tatu mfululizo wakaja na kukuta meza zimejaa. Mmoja wao alikuwa mzee aliyekula kwa Ami tangu mkahawa ufunguliwe, na jioni hiyo amekuja na mamake, bibi wa kushikwa mkono, pamoja na wajukuu. Walisimama mlangoni karibu saa nzima, bibi ameketi juu ya kreti ya soda. Mwisho wakaondoka bila kusema neno. Ami hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mgeni wangu ameaibika mlangoni kwangu." Bora angenitukana.

Kosa halikuwa la programu. Ilifanya kile ilichoambiwa. Kosa lilikuwa langu: nilichagua chombo kabla sijaielewa kazi.

Baada ya Idi nilimwomba dada wa mapokezi anionyeshe daftari lake, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama kiburi kisingenizuia. Pembeni mwa majina kulikuwa na alama nilizodhani ni michoro ya kupitisha wakati. Kumbe nukta ni familia yenye mtoto mchanga. Mstari ni watu wanaoongea sana baada ya kula. Duara ni kundi linalosema "tuko wanne" na kufika tisa. Na awamu ya pili hakuwahi kumwahidi mtu saa kamili. Alisema, "Njoo baada ya Isha, nitakuangalia." Nilikuwa nimemnyang'anya mtu huyu kazi yake nikampa mashine isiyojua hata robo ya anayoyajua yeye.

Kisha nikakaa pale Jumapili mbili na saa yangu, nikihesabu. Tangu kundi moja liketi hadi kundi jingine liketi meza ile ile, wastani ulikuwa dakika 75. Fanya hesabu: meza 24 mara dakika 60, gawanya kwa 75. Unapata makundi 19 kwa saa. Waliokuwa wakifika mlangoni ni makundi 26 kwa saa. Kwa hivyo kila saa makundi saba yanabaki nje. Baada ya saa mbili yako 14, na atakayefika hapo atangoja takriban dakika 44, upende usipende. Hakuna programu duniani itakayoongeza meza ya 25.

Hesabu hizi si ngeni. Mdenmarki Agner Krarup Erlang alizianza mwaka 1909 akichunguza simu za Copenhagen, na mwaka 1961 John Little akathibitisha kanuni inayobeba jina lake: idadi ya wanaosubiri ni kasi ya wanaofika mara muda anaosubiri kila mmoja. Kanuni hii hutumika benki, hospitalini, na hata ndani ya seva ninazotunza mimi.

Lakini katika zile dakika 75 niliona jambo. Dakika 14 hakuna aliyekuwa akila. Watu wanangoja bili, au meza inangoja kufutwa, au imeshafutwa lakini mapokezi hawana habari. Ami akabandika namba ya till ya M-Pesa juu ya kila meza, na weita akaagizwa kuinua mkono meza inapokuwa safi. Tukaokoa dakika nane. Sasa gawanya kwa 67 badala ya 75: makundi 21 na zaidi kwa saa. Mawili zaidi kila saa, na hatujanunua programu yoyote!

Basi msimamo wangu ndio huu: mkahawa wenye shughuli nyingi hapa kwetu uanze na orodha ya wanaosubiri, si na kuhifadhi meza. Wateja wetu wengi huja tu, hawapigi simu mapema. Kuhifadhi meza kunamfaa anayepanga. Orodha ya kusubiri inamfaa aliyefika. Ukimpa wa kwanza meza zote, wa pili atasimama nje akitazama meza tupu yenye kadi, na hatakusamehe.

Na kazi kubwa ya orodha ni kusema ukweli. David Maister aliandika mwaka 1985 kwamba kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja unakokujua. Ukimwambia mtu dakika 40 akaitwa baada ya 35, ataingia akitabasamu. Ukimwambia 15 akangoja 35, biriani yote haitamtoa uchungu.

Ukishapima, na ukaona kweli unahitaji programu, iulize maswali haya:

1. Stima ikipotea, inafanya nini? Zima intaneti mbele ya muuzaji, uone kama orodha bado inasomeka. Ikibaki skrini nyeupe, muage kwa upole.

2. Inazijua namba zetu? Tangu 2019 kuna namba zinazoanza na 01. Nimekutana na programu zinazokubali 07 pekee. Na ujumbe ufike kwa SMS ya kawaida, kwa sababu mwenye kabambe naye ana njaa.

3. Muda wa kukaa unabadilika? Jumanne si Jumapili, na watu wawili si watu kumi. Muhimu zaidi, je, mtu wa mapokezi anaweza kuzuia ujumbe usijitume mpaka abonyeze yeye?

4. Wanaoweka nafasi kisha wakaingia mitini utawafanyaje? Programu nyingi za nje hutaka kadi ya benki. Mteja wako ana M-Pesa. Amana ndogo kwa makundi ya watu wanane na zaidi, inayokatwa kwenye bili, inatosha. Mtu na mkewe wasitozwe.

5. Majina ni ya nani? OpenTable ilianza San Francisco mwaka 1998, na mwaka 2014 Priceline ikainunua kwa dola bilioni 2.6. Hakuna atoaye fedha kama hizo kwa ajili ya ramani ya meza. Kinachonunuliwa ni ile njia ya kuwafikia walaji. Hakikisha unaweza kupakua orodha ya wateja wako siku yoyote. Na kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mtu aliyekupa namba ili aitwe mezani hajakuruhusu kumtumia matangazo.

6. Unalipa vipi? Ada moja ya mwezi unaweza kuipanga. Kamisheni kwa kila kichwa inakua kadiri unavyofanikiwa, na ikitozwa kwa dola, shilingi ikiyumba nawe unayumba.

Kuna atakayeniuliza: wewe ni mtengenezaji programu, mbona unawafukuza wateja wako? Siwafukuzi. Ami leo ana programu, ndogo, ya orodha tu. Dada wa mapokezi ndiye anayeamua nani aitwe na lini. Mashine inamsaidia kutuma ujumbe na kukumbuka saa. Zile alama zake tatu nimeziweka ndani kama zilivyo: nukta, mstari na duara. Daftari liko chini ya kaunta, na Ramadhani ya 2025 stima ilipopotea lilifanya kazi usiku kucha.

Yule mzee nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa kahawa, akasema yamepita. Kwa Ami amerudi mara moja tu, peke yake. Mamake hajaja naye tena.

Kwa hivyo kama una mkahawa, Jumapili hii kaa mlangoni na saa na karatasi. Programu tutaizungumza Jumatatu.