Tafuteni Jina Kwanza, Kibao Baadaye

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linawala wananchi wengi fedha zao kimya kimya. Jambo lenyewe ni hili la majina ya biashara.

Mimi ni mchora vibao. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Morogoro, tangu wakati wa bati na rangi ya mafuta hadi sasa ambapo wateja wanataka bango la plastiki linalotoka kwenye mashine. Kwa hiyo majina mengi ya maduka ya mji huu yamepita mikononi mwangu. Mengine yamepita mara mbili: mara ya kwanza niliyachora, mara ya pili nililipwa kuyafuta. Hayo ya kufuta ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Si zamani sana alinijia dada mmoja anayepika vyakula vya shughuli. Alianza na sufuria mbili kando ya stendi, akajituma, akafikia kupika kwenye arusi na semina. Alikuja na jina lake zuri limeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Nikamchorea kibao. Jirani yangu akamchongea muhuri, mwingine akamchapia vitabu vya risiti na kumwandikia aproni za wasichana wake. Baada ya yote hayo ndipo alipokwenda kusajili, kwa sababu ofisi moja iliyotaka kumpa kazi ya chakula cha mchana ilimdai cheti cha jina la biashara na akaunti ya benki yenye jina hilo hilo. Jibu likawa kwamba jina lina mwenyewe, tena wa siku nyingi. Mwenyewe huyo yuko mkoa mwingine kabisa, hawajapata kuonana hata siku moja. Dada akaanza kutafuta jina jingine, na wakati anatafuta ile kazi ya chakula ikaenda kwa mtu mwingine.

Watu walimcheka wakasema hakutumia akili. Mimi sikucheka, maana nilichukua fedha zake wala sikumuuliza swali hata moja.

Ndugu Mhariri, nilichogundua baada ya hapo ni kwamba wengi wetu tunachanganya mambo. Mtu akishapata TIN na leseni ya halmashauri anaona kila kitu chake ni halali, pamoja na jina. Lakini TIN ni nambari ya mlipa kodi. Leseni, ambayo msingi wake ni Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ni ruhusa ya kufanya biashara ya aina fulani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfanya mtu kuwa mwenye jina. Majina ya biashara kwa upande wa Tanzania Bara yanaandikishwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao wote tunauita BRELA, na siku hizi kazi hiyo hufanyika kwa njia ya mtandao. Mtu anafungua akaunti kwa kutumia nambari yake ya kitambulisho cha Taifa, na kwa mtandao huo huo anaweza kuangalia kama jina analolitaka limekwisha chukuliwa. Asiyekuwa na simu ya kufanyia hivyo ana mtoto au mpwa aliyenayo. Ni kazi ya nusu saa. Kibao changu huchukua siku mbili.

Na hapo kwenye kutafuta pana mtego. Watu hutafuta jina kwa macho tu, wakati wateja hulijua kwa masikio. Tuseme unataka kuliita duka lako Nyota Njema. Ukiandika maneno hayo ukakuta hayapo, usirukeruke kwa furaha. Jaribu Nyota peke yake. Jaribu yameunganishwa kuwa neno moja. Jaribu na ya Kiingereza, Good Star, maana mambo ya kugeuza lugha ni ya kawaida kwetu. Kama jina lina L, liandike pia kwa R, na wasomaji wanajua kwa nini nasema hivyo. Msajili anaweza kukataa jina ambalo si lile lile lakini limefanana mno na la mwingine, na uamuzi wa kwamba limefanana ni wake, si wako. Usidhani pia kwamba ukibandika neno 'Enterprises' au 'General Supplies' mwishoni umepata jina jipya. Vibao vya namna hiyo nimechora vingi mno, na ukiondoa mkia vyote vinabaki Upendo, Amani, Tumaini na Neema. Hayo ni maneno mazuri, sikatai, lakini kila mtaa unayo.

Wapo wengine wanaoniambia niwaandikie 'Ltd' mwishoni kwa ajili ya heshima tu. Neno hilo ni la kampuni iliyoandikishwa kwa Sheria ya Makampuni, halitolewi na mchora vibao. Kijana mmoja alitaka nimwandikie kuwa duka lake la mitumba ni 'Benki ya Nguo'. Nilicheka, lakini nikamwambia ukweli kwamba neno benki linalindwa na Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Alikasirika akaenda kwa mwenzangu. Kama alichorewa, shauri yao.

Jambo linalowashangaza wengi, nami lilinishangaza, ni kwamba daftari la majina si moja. Yako majina ya biashara, yako majina ya makampuni, na ziko alama za biashara na huduma. Mtu anayetafuta kwenye daftari moja tu ni kama aliyefunga mlango wa mbele akaacha wa uani wazi. Cheti cha jina la biashara hakikupi alama ya biashara. Alama zina sheria yake ya mwaka 1986. Zimegawanywa katika madaraja 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na mtu huandikisha kwa daraja la kitu anachokiuza. Ikiandikishwa hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kabla ya hapo maombi hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Kwa hiyo mama anayesaga pilipili na kuifunga kwenye chupa zenye jina lake, hata akiwa na cheti cha jina la biashara, anaweza kukuta jina hilo hilo ni alama ya mtu mwingine kwa bidhaa za chakula. Kwa muuza duka hili si jambo la kumnyima usingizi. Kwa anayetengeneza kitu na kukisambaza mikoani ni jambo kubwa sana, kwa sababu chupa husafiri na kibao husafiri nazo.

Tena Zanzibar wana wakala wao na madaftari yao. Anayetaka kuvusha bidhaa zake asidhani kwamba cheti cha Bara kimevuka naye kwenye boti.

Wala tusidhani haya ni masaibu ya wanyonge peke yetu. Mwaka 1971 Burger King ya Marekani, pamoja na ukubwa wake, ilipofika Australia ilikuta jina lake limekwisha andikishwa na duka la vyakula la mji wa Adelaide. Aliyepewa kuiendesha huko alilazimika kutumia jina jingine, Hungry Jack's, na hadi leo ndilo linalotumika kule. Wao walikuwa na fedha za kulijenga jina jipya. Dada yangu wa vyakula anazitoa wapi?

Najua wapo watakaosema mfanyabiashara mdogo hana haja na mambo haya, biashara ni mteja. Na kweli sheria yenyewe haimlazimishi mtu kusajili kama anafanya biashara kwa jina lake halisi tu, bila nyongeza. Fundi cherehani anayeandika majina yake mawili mlangoni hana kosa. Lakini akiongeza hata neno 'Stoo' tayari hilo ni jina la biashara. Na huyo mteja tunayemtaja ndiye anayelijua jina. Ukilibadilisha baada ya miaka mitatu unamwambia akutafute upya, na jina la zamani analibeba mwingine pamoja na sifa ulizozitolea jasho.

Nina neno kidogo pia kwa wale wanaoamini mtandao kuliko macho yao. Daftari linaweza kuwa jeupe na bado jina likawa na mtu. Mzee ameuza vifaa vya baiskeli kwa jina fulani miaka 20, hakuwahi kusajili, lakini mji mzima unamjua. Ukija wewe na cheti chako kipya ukafungua mtaa wa pili kwa jina hilo hilo, anaweza kukupeleka mahakamani kwa kujifanya yeye na kuwapoteza wateja wake. Na hata kama hakwenda, watu watakuona mwizi. Basi pamoja na kutafuta mtandaoni, tembea sokoni, ulizia kwa madereva wa bodaboda.

Maombi yangu ni machache. Kwa maafisa biashara wa halmashauri, nawaomba mtu anapokuja kuulizia leseni aulizwe pia kama ametafuta jina, tena aulizwe mapema, kabla hajatumia fedha. Kwa BRELA, nawapongeza kwa kuiondoa kazi hii kwenye foleni za Dar es Salaam, ila nawaomba maelezo ya tofauti kati ya jina la biashara, kampuni na alama yabandikwe kwenye ofisi za kata, kwa Kiswahili cha kawaida na herufi kubwa. Wakihitaji mtu wa kuyachora, nipo. Na kwa wenzangu wachora vibao, wachapaji na wachonga mihuri: sisi ndio tunaokutana na mwananchi akiwa na jina kwenye karatasi na fedha mfukoni. Tumuulize. Najua fundi mwenye njaa hapendi kumrudisha mteja, lakini nimekuwa nikiwarudisha kwa miezi kadhaa sasa, na wengi hurudi na jina lililo bora kuliko la kwanza.

Yule dada amekwisha pata jina jipya, ametafuta kwenye madaftari yote matatu na ameleta maombi yake kwa Msajili. Kibao chake cha zamani nimekipaka rangi nyeupe, kimeegemea ukutani hapa kibandani kinasubiri cheti. Safari hii nimemwambia nitachora bure.

Mchora Vibao,
Morogoro.