Kiolezo cha nani?

Wasomaji wangu, najua nimeadimika. Kazi za gazeti zinabana. Leo nimerudi na jambo linaloniwasha.

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Miyuji. Kijana kaja kuchapisha barua ya kuomba kazi. Mhudumu akafungua barua ya mtu mwingine, akabadili jina na tarehe, akachapa. Dakika mbili tu. Kijana kuisoma, anakuta eti ana uzoefu wa miaka mitano wa udereva. Mwenzenu kasomea uhasibu! Tulicheka sana. Njiani kicheko kikaniishia, maana ofisini kwetu mambo ni hayo hayo.

Mwaka jana tuliletewa programu ya kupitisha maombi ya ruhusa, posho na nauli. Ombi linasafiri lenyewe kwenye kompyuta badala ya karatasi kuzunguka meza kwa meza. Programu hizi huja na violezo: mtu kishachora nani anaanza, nani anaidhinisha, nani anataarifiwa. Wewe unajaza majina tu.

Wakajaza. Kiolezo kilitaka nauli iidhinishwe na meneja wa kanda. Sisi huku Dodoma hatuna meneja wa kanda! Ombi langu la nauli ya Kondoa likaenda kwenye anwani isiyo na mwenyewe, likalala humo wiki 5. Zamani karatasi ikikwama unaifuata, unamwamkia mzee, anasaini. Programu utaiamkiaje?

Sisemi violezo ni vibaya. Ofisi ndogo isiyo na mtaalamu inaanza kazi siku moja. Na mji huu unaihitaji mifumo hii kuliko mingine. Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016, Sheria ya Serikali Mtandao ikapitishwa 2019, na leo Mfumo wa Ofisi Mtandao unapeleka majalada na madokezo bila mhudumu wa masjala kuyabeba kwapani. Hilo ni jema.

Ninachosema ni hiki: kiolezo si karatasi tupu. Ni uamuzi wa mtu mwingine kuhusu nani ana sauti na nani asubiri. Ukikiwasha bila kukisoma, umekubali uamuzi huo.

Mwaka 1990 Mmarekani Michael Hammer aliandika katika Harvard Business Review kwamba utaratibu mbovu usiuwekee kompyuta, uufute. Alitoa mfano wa Ford. Idara yao ya kulipa wauzaji ilikuwa na watu zaidi ya 500, wakatumaini kompyuta zitapunguza asilimia 20. Kumbe Mazda, kampuni ndogo zaidi, walifanya kazi hiyo kwa watu 5. Ford wakaachana na ankara kabisa: mzigo ukifika na kulingana na oda, malipo yanatoka. Wafanyakazi wa idara wakapungua kwa asilimia 75.

Kwa hiyo wakubwa, kabla ya kuwasha, kaeni na katibu muhtasi na mhudumu wa masjala. Hao ndio wanaojua faili linapita wapi kweli na linalala wapi. Futeni kila saini ambayo haijawahi kukataa kitu. Andikeni nani anashika nafasi bosi akisafiri. Ombi likikaa siku tatu, mwombaji aambiwe liko kwa nani.

Nauli yangu? Ilitoka hatimaye. Mhasibu alinionea huruma, akanipa fomu ya karatasi.

Huko kwenu vipi?