Shule na wasaa uliopotea

Mtoto wa Tawa, katika Kaunti ya Makueni, huambiwa na mamaye kwa Kikamba aende sukulu. Akifika huko, mwalimu wa Kiswahili humfunza kusema shule, na yule wa Kiingereza "school". Aghalabu huyakariri maneno hayo matatu kana kwamba hayajuani, ilhali ni ndugu wa ukoo mmoja.

Babu yao ni neno la Kiyunani, skhole, lililopitia Kilatini kabla ya kuenea Ulaya. "School" la Waingereza ndilo lililozaa sukulu ya Wakamba na skuli ya Wazanzibari. Wajerumani nao walisema Schule. Walipoitawala Tanganyika walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwaka wa 1892, na neno lao likashika mizizi katika Kiswahili, hata sisi wa Kenya, tuliotawaliwa na Mwingereza, tukalirithi. Ama "school" la kundi la samaki, mwanafunzi asilichanganye na hili. Hilo asili yake ni Kiholanzi cha zamani.

Linalonishughulisha hasa ni maana. Kwa Wayunani, skhole ilikuwa wasaa: muda ambao mtu amepumzika na kazi, akautumia kwa mazungumzo na tafakuri. (Wasaa wa mabwana hao ulipatikana kwa jasho la watumwa, jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu.) Baadaye jina likahamia mahali pa kufunzia.

Je, enyi walimu, wasaa huo uko wapi leo? Mwanafunzi huamka kabla ya jogoo, hulala akiwa bado na daftari mkononi, na likizo ikifika huitwa tena darasani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kifungu cha 37, ilipiga marufuku masomo ya likizo. Wapo wazazi watakaonijibu kwamba mtoto akibaki nyumbani atashinda njiani na mtungi wa maji mgongoni. Hoja hiyo ina uzito, hasa mwaka wa ukame: kwa binti wengi wa Ukambani, darasa ndilo wasaa pekee walio nao. Basi tusiujaze wote kwa mitihani ya majaribio. Mwanafunzi atengewe kipindi kimoja kila juma cha kusoma kitabu asichotahiniwa, au kufungua kamusi na kuuliza neno fulani limetoka wapi. Aanze na hilo hilo la sukulu.