Picha za Taroti Si Uganga

Makala iliyochapishwa karibuni inadai kuwa msanii wa Diani anayechonga picha za taroti kwenye ubao na kuzichapa kwa mkono anaeneza uganga wa kigeni. Dai hilo halina mashiko.

Taroti ilianza Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo wa karata. Kuitumia kupigia ramli kulienea baadaye, katika Ufaransa ya karne ya 18. Na karata zinazojulikana zaidi leo, zilizotolewa London mwaka 1909, zilichorwa na msanii, Pamela Colman Smith. Jua, mwezi, mnara, gurudumu: kila mchoraji ana haki ya kuzipa alama hizo za karata maana ya kwao.

Kwale, kaunti iliko Diani, haikosi maana. Mzee mwenye taa, mmoja wa wahusika wa karata hizo, anaweza kuwa mzee wa kaya aliyesimama penye njia ya Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Jua lichomoze juu ya ngalawa za Msambweni. Karata kuu za taroti ni 22. Chonga mbao 22, zipake wino, kandamiza karatasi, shona kurasa kwa uzi, na kitabu kimepatikana. Leso zetu nazo zilipigwa chapa za mti kabla ya viwanda.

Kosa la kweli ni kunakili picha za London bila kuongeza chochote cha Kwale. Hilo likemewe. Lakini walimu wa sanaa, msiwanyang'anye vijana patasi kwa hofu isiyo na msingi.